Baiti Ulizokata Zimekwenda Wapi?

Angalia mistari hii miwili ya skrini:

```
0002992 78 78 78 78 78 78 78 78 61 61 61 61 61 61 61 61
0003008 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61
```

Faili hili lilikuwa na baiti 3000, zote herufi `x`, ambayo kwa heksadesimali ni 78. Kisha likarefushwa hadi baiti 6000 kwa `ftruncate`, wito wa kukata au kurefusha faili. Kanuni ya POSIX, kiwango cha mifumo ya Unix, iko wazi: sehemu iliyoongezwa isomeke kama sifuri tupu. Kuanzia ofseti (nafasi ndani ya faili) 3000, basi, zilipaswa kuonekana 00 zikifuatana. Badala yake kuna 61, herufi `a`, zimejipanga kana kwamba zilialikwa.

Hitilafu yenyewe inaeleweka, na tiba yake inajulikana. Kilichonikera kwa wiki kadhaa ni kingine. Unaweza kuandika jaribio mahsusi la kuinasa hitilafu hii, ukaliendesha juu ya kerneli (kiini cha Linux) ile ile mbovu, na likamaliza kwa sekunde mbili na kukuandikia:

`Passed all 1 tests`

Limepita.

## fsync moja ya nia njema

Hatua za kuizalisha hitilafu ni chache, kwa kutumia `xfs_io`, zana ya kulipa faili amri moja moja (`$SCRATCH_MNT` ni saraka ya diski ya majaribio, na `od` huonyesha baiti za faili):

```
xfs_io -f -c "pwrite -S 0x78 0 3000" \
       -c "mmap -rw 0 4096" \
       -c "mwrite -S 0x61 3000 1096" \
       -c "truncate 6000" \
       $SCRATCH_MNT/f
od -A d -t x1 -j 2992 -N 32 $SCRATCH_MNT/f
```

Tuzipitie polepole. Faili la baiti 3000 halijazi ukurasa (kipande cha kumbukumbu) wa baiti 4096. `mmap`, inayoliweka faili kwenye kumbukumbu ya programu, hufanya kazi kwa kurasa nzima, hivyo programu inapewa pia zile baiti 1096 zilizo baada ya mwisho wa faili. Inaruhusiwa kuziandikia. Kerneli haitalalamika, kwa kuwa SIGBUS, ishara ya kosa inayoiua programu, huja pale tu unapogusa ukurasa ulio nje kabisa ya faili. Makubaliano ni kwamba chochote kinachoandikwa kwenye mkia huo hakihesabiwi kuwa sehemu ya faili.

Nani anayasimamia makubaliano hayo? Wapo wawili.

Wa kwanza ni msimbo wa kupeleka kurasa diskini. Kila ukurasa unaovuka mwisho wa faili unapoandikwa, Linux huujaza mkia wake sifuri kwanza, na hufanya hivyo kila mara, kwa kuwa haijui nani ameuchafua kupitia `mmap`. Wa pili ni msimbo wa kurefusha faili. Kabla ukubwa mpya haujatangazwa, huyu anatakiwa ausafishe mkia wa zamani, maana kuanzia hapo hautakuwa mkia tena, utakuwa data.

Hitilafu iko kwa huyu wa pili. Hakusafisha.

Sasa angalia toleo la jaribio linalopita. Tofauti ni mstari mmoja, ulioingizwa baada ya `mwrite`:

```
       -c "fsync" \
```

Anayeuweka ana nia njema: anataka data ikae diskini kabla ya hatua inayofuata, kama sote tulivyofundishwa. Lakini `fsync` inaupeleka ukurasa kwa msimamizi wa kwanza, naye anazifagia zile `a` zote. Faili linaporefushwa, hakuna uchafu uliobaki. Msimamizi wa pili hajafanya kazi yake na hakuna anayegundua, kwa kuwa nyumba imeshafagiliwa kabla mkaguzi hajabisha hodi.

Na hata ukiifuta `fsync`, hujawa salama bado. Kerneli huandika kurasa chafu (zilizobadilika bila kufika diskini) yenyewe kwa nyuma. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, huamka kila sekunde 5 na kuzipeleka diskini zile zilizokaa zaidi ya sekunde 30. Jaribio lenye `sleep`, au lililogawanywa katika amri tano zinazoendeshwa kwenye mashine iliyolemewa, linaweza kufagiliwa vilevile, leo ndiyo, kesho hapana. Ndiyo maana hatua zote nne hapo juu zimo ndani ya mchakato mmoja wa `xfs_io`. Usizitenganishe kwa ajili ya kupendezesha skripti.

## Umesoma diski au umesoma kumbukumbu?

Kosa la upande wa pili ni kuamini kile `od` inachokuonyesha mara ya kwanza. Ulichokisoma ni kache ya kurasa. Diski bado haijaulizwa.

Chukua mfano mwingine: faili la baiti 6000 lililojaa na kuandikwa diskini, likakatwa hadi 3000, likarefushwa tena hadi 6000. Ikiwa mfumo wa faili umeusafisha ukurasa kwenye kumbukumbu ila ukasahau kuuwekea alama kwamba ni mchafu, kila usomaji wa sasa utarudisha sifuri, safi kabisa. Ukurasa huo ukiondolewa kwenye kache na kusomwa upya kutoka diskini, zile baiti za zamani zinarudi. Mtumiaji ataziona baada ya siku mbili, na hataweza kamwe kueleza zilitoka wapi.

Kwa hiyo soma mara mbili. Soma papo hapo baada ya kurefusha, kisha pachua mfumo wa faili (`umount`), pachika tena (`mount`), na usome upya. Katika fstests (ile seti iliyoanza kama majaribio ya XFS huko SGI na leo inatumiwa na karibu kila mfumo wa faili wa Linux) kazi hiyo hufanywa na `_scratch_cycle_mount`. Wengine hutumia `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches` wakidhani ni sawa. Si sawa: amri hiyo haiondoi kurasa chafu, kwa hiyo huenda bado unasoma kumbukumbu.

Kuna tabaka la tatu, ambalo husahaulika kuliko yote: diski yenyewe kabla ya `mkfs`, amri ya kuunda mfumo wa faili. Ukifanyia jaribio kwenye kifaa kipya cha loop (faili linalotumika kama diski), diski nzima ni sifuri. Mfumo wa faili ukikosea na kukupa bloku (kipande cha diski) ambayo haijasafishwa, utasoma sifuri na kushangilia.

Ijaze kwanza:

```
xfs_io -d -c "pwrite -S 0xcd -b 1m 0 512m" $SCRATCH_DEV
```

Kisha unda mfumo wa faili *bila* kuruhusu amri ya kutupa bloku: `-E nodiscard` kwa `mkfs.ext4`, `-K` kwa `mkfs.xfs` na `mkfs.btrfs`. Ukisahau hapa, kazi yote ya kujaza imepotea, kwa kuwa kifaa cha loop kilichokaa juu ya faili hupokea amri hiyo na kulitoboa mashimo faili la chini, nawe unarudi kwenye sifuri bila taarifa yoyote. MiB 512 zinatosha; `mkfs.xfs` ya siku hizi hukataa diski iliyo chini ya MiB 300.

Na hapa kuna jambo dogo linalookoa masaa. Mpe kila mwandishi baiti yake. Data halali 0x78, uchafu wa mkia 0x61, diski ya zamani 0xcd. Jaribio likianguka, huhitaji kukisia: 61 mahali pa sifuri inamaanisha mkia haukusafishwa, cd inamaanisha bloku imetolewa ikiwa na mabaki ya zamani, 78 mahali pasipo pake inamaanisha data iliyokatwa imefufuka. Majaribio yanayojaza kila kitu kwa baiti moja yanakwambia tu kwamba kuna tatizo. Haya yanakutajia mhusika.

## Namba zinazouma

Ukubwa wa 3000 haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Haugawanyiki kwa 512, na unaangukia katikati ya ukurasa. Ukijaribu kukata kwenye 4096 pekee, au 1 MiB, hutagusa kabisa msimbo wa mkia, kwa kuwa mkia haupo. Inashangaza ni majaribio mangapi hutumia namba za duara kwa sababu tu zinapendeza machoni.

Kwa bloku za 4096, anza na 0, 1, 4095, 4096 na 4097. Hizo ni za lazima. Kisha rudia yote kwa bloku za 1024, na hapa utakutana na njia tofauti kabisa. Ukurasa wa 4096 sasa una bloku nne. Faili la baiti 3000 linaishia ndani ya bloku ya tatu, inayoanzia 2048 hadi 3071. Bloku ya nne, 3072 hadi 4095, iko ndani ya ukurasa uleule lakini nje kabisa ya faili; haina nafasi diskini. `mmap` inaweza kuichafua pia. Msimbo unaosafisha "hadi mwisho wa bloku" utaondoa uchafu wa baiti 72 na kuziacha 1024 zilivyo. Kwenye bloku za 4096 msimbo huo huo haukosei hata siku moja.

Kinyume chake kipo pia. Mashine za ppc64, na baadhi za arm64, hutumia kurasa za KiB 64. Huko 3000 na 6000 zote ziko kwenye ukurasa mmoja, na jaribio lililoandika 4096 kwa mkono linachafua kipande kidogo tu cha mkia. Tumia `getconf PAGE_SIZE`, ukokotoe urefu kutoka hapo. Na tangu Linux 6.12, XFS inaweza kuwa na bloku kubwa kuliko ukurasa, kwa hiyo hata kusafisha "hadi mwisho wa ukurasa" hakutoshi tena.

Mifumo inayotumia ramani ya bloku ya mtindo wa ext2 ina mpaka wake. Inodi, rekodi ya faili diskini, hushika bloku 12 moja kwa moja. Ya 13 hupitia bloku ya kati yenye anwani 1024. Hivyo mpaka wa kwanza ni 49152, na wa pili ni 4243456. Ukikata faili lililojaa hadi 49152 kamili, bloku ya kati lazima iachiliwe. Ukikata hadi 49153, lazima ibaki. Kosa la kuzidi au kupungua kwa moja hapa linapoteza bloku au, vibaya zaidi, linaachilia bloku ambayo bado inatumika. ext4 bado hubeba msimbo huu, na unaweza kuuamsha kwa `mkfs.ext4 -O ^extent,^64bit`.

Mwisho, 2147483648 na 4294967296, moja chini na moja juu. Hapo ndipo kigezo cha biti 32 kilichosahaulika hujitokeza. Faili ni tupu ndani, kwa hiyo halili nafasi ya diski. Hakuna kisingizio cha kuliruka.

Tahadhari moja kuhusu kuhesabu bloku. `stat -c '%s %b'` inavutia, na kwa kuchunguza kwa mkono ni nzuri. Usiiweke kwenye matokeo ya kulinganishia ya jaribio la jumla. XFS hutenga nafasi ya ziada baada ya mwisho wa faili kwa kutabiri, na Btrfs huweka mafaili madogo ndani ya metadata. Namba zitatofautiana bila kosa la mtu yeyote, na jaribio linalolia ovyo mwishowe halisikilizwi.

## Mlango wa nyuma

Mpaka hapa tumekuwa tukisoma kwa `read`. Kuna hitilafu moja ya Btrfs inayoonyesha kwa nini hilo halitoshi, nayo imesajiliwa kwenye orodha ya udhaifu wa usalama kama CVE-2015-8374.

Faili dogo lenye mgandamizo huhifadhiwa na Btrfs ndani ya mti wa metadata, si kwenye bloku zake za peke yake. Sasa likate lifupike. Kukata data iliyogandamizwa si jambo la kuondoa baiti za mwisho. Lazima ifumuliwe, ipunguzwe, iandikwe upya. Kerneli za kabla ya 4.3.3 hazikufanya hivyo. Zilipunguza ukubwa wa faili na kuacha kile kifurushi kizima ndani.

Ukilisoma faili, huoni kitu. `read` huheshimu ukubwa mpya.

Lakini ukilinakili kwa amri ya kuzaa nakala inayoshiriki data, kifurushi kizima kinakwenda pamoja, na kwenye nakala zile baiti zilizokatwa zinaweza kusomeka. Mtu amekata siri kutoka kwenye faili, akalitoa hadharani, na siri ikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nimelirudia tukio hili kichwani mara nyingi kwa sababu linabadilisha maana ya jaribio. Nilizoea kuuliza: je, kilichobaki ni sahihi? Swali hilo ni la mtu anayeogopa kupoteza data. Huyu aliyekata anaogopa pia kinyume chake, kwamba alichokiondoa hakijaondoka. Jaribio la kukata faili lina deni kwa wote wawili, na mengi hulipa la kwanza tu.

Kwa hiyo baada ya kukata, pita kila mlango: soma kwa kawaida, soma kwa `O_DIRECT` (bila kupitia kache), soma kwa `mmap`, refusha na usome, zaa nakala na uirefushe na kuisoma. Si lazima yote yawe kwenye jaribio moja. Lakini ukiuacha mlango mmoja, uuache kwa kujua.

## Umeme ukikatika katikati

Kukata faili kubwa hakumaliziki kwa hatua moja ya jonali, daftari la mabadiliko ya mfumo wa faili. Mifumo mizuri hupanga utaratibu kwa uangalifu. XFS huandika ukubwa mpya kwa kudumu kwanza, kisha ndipo huachilia bloku, ili hata mashine ikianguka asiwepo mtu wa kuona data iliyo njiani kuachiliwa. ext4 huiweka inodi kwenye orodha ya yatima kabla ya kuanza. Mashine ikizimika katikati, upachikaji unaofuata husoma orodha hiyo na kuimalizia kazi. Utaona kwenye `dmesg`, logi ya kerneli:

```
1 truncate cleaned up
```

Shida ni kuufikia wakati huo. Wengi huunda faili la GiB 1, wakalikata, wakaanguka, wakaona kila kitu salama. Ekstenti (mfululizo wa bloku zilizoshikana) moja ya ext4 hubeba hadi MiB 128 kwa bloku za 4096, kwa hiyo GiB 1 iliyokaa pamoja ni ekstenti 8 tu. Hiyo si kazi ya kugawanywa. Unataka faili lililopasuka-pasuka: andika bloku 20000, takriban MiB 78, kisha toboa moja ruka moja (fstests wana kifaa kinachoitwa `punch-alternating` kwa ajili hiyo). Umepata ekstenti 10000 ndani ya faili dogo, na sasa ukataji una safari ya kweli.

Kuanguka kwenyewe kuna njia mbili. `dm-flakey`, tabaka la kerneli linaloigiza diski mbovu, ni rahisi: unaiambia izitupe kimyakimya andiko zote kuanzia sasa, unapachua, unairudisha, unapachika. `_flakey_drop_and_remount` hufanya yote. Inakuonyesha hali ya diski kwenye nukta moja, ile uliyochagua. Kwa swali la "nikifanya `fsync` kisha umeme ukakatika", hiyo ndiyo nukta unayoitaka:

```
_init_flakey
_mount_flakey
xfs_io -f -c "pwrite -S 0x78 0 6000" -c "fsync" $SCRATCH_MNT/f
xfs_io -c "truncate 3000" -c "truncate 6000" -c "fsync" $SCRATCH_MNT/f
_flakey_drop_and_remount
od -A d -t x1 $SCRATCH_MNT/f
```

Baada ya kupachika, baiti 3000 za kwanza ni 78, na 3000 zinazofuata ni 00. Hapa `fsync` ya kwanza ni ya lazima, tofauti na kule mwanzo: tunataka 78 za zamani ziwepo diskini kweli, ili zikirudi zionekane. Amri ileile, kwenye jaribio moja inaua, kwenye jingine ndiyo roho yake. Ndiyo sababu siamini orodha za "mambo mazuri ya kufanya" katika majaribio haya. Kila mstari unatakiwa uwe na sababu yake iliyoandikwa kando.

Bila `fsync` ya mwisho, mambo ni tofauti. Ukataji mmoja usiothibitishwa unaweza kubaki au kupotea. Kwenye mifumo yenye jonali ninakubali ukubwa wa zamani ukiwa na data yake yote, au ukubwa mpya. Jaribio lisidai zaidi ya hapo, na lisikubali chini ya hapo.

`dm-log-writes` ni ya kina zaidi. Hurekodi kila andiko na kila alama ya kumwaga kache ya diski, kisha hukuruhusu kuirudia hadithi hadi nukta yoyote na kuendesha `fsck`, ukaguzi wa mfumo wa faili, kila mara. Ni ya polepole. Kwa lile faili la ekstenti 10000 ndiyo inayofaa, kwa kuwa ukataji huisha upesi mno kwa mkono wa binadamu kuudaka katikati.

## Visivyopaswa kusogea

Nitapita hapa haraka. Ukubwa ukibadilika, mtime na ctime (saa za mabadiliko ya data na ya inodi) lazima zisogee. Urefu hasi urudishe kosa la EINVAL. Ukivuka `ulimit -f`, kikomo cha ukubwa wa faili, ni EFBIG pamoja na ishara SIGXFSZ, na ukubwa wa faili usiguswe. Saraka ni EISDIR.

Kimoja nitakitaja kwa kirefu kidogo kwa sababu huripotiwa kila mara kama hitilafu ya mfumo wa faili na sivyo: ofseti haisogei. Programu iliyofungua faili bila `O_APPEND` (kuandika mwishoni daima) na kuandika hadi 1000000, faili likikatwa hadi 0 na mtu mwingine, andiko lake linalofuata litaanzia 1000000. Kabla yake kutakuwa na shimo la sifuri. Wanaotumia `copytruncate` ya logrotate, zana ya kuhifadhi na kukata logi, wanaijua sura hiyo: logi inayoanza na sifuri milioni moja. Andika jaribio linalothibitisha tabia hii, ili siku mtu "atakapoirekebisha" azuiwe mapema.

## Bahati nasibu yenye mbegu

Hatua zote hapo juu ni hitilafu ambazo mtu ameshazifikiria. Kwa zile ambazo hakuna aliyezifikiria kuna `fsx`, programu ya zamani iliyopitia Apple, inayochanganya kusoma, kuandika, `mmap` na kukata bila mpangilio, huku ikitunza nakala sahihi kwenye kumbukumbu yake na kulinganisha.

Ikianguka, hutoa orodha ya hatua na kuacha faili lenye kiambishi `.fsxgood`, yaani hali ilivyopaswa kuwa. Mbegu ya kawaida ni 1. Ukitaka tofauti kila mara toa `-S 0`, itachukua saa ya mashine. Hifadhi mbegu iliyochapishwa. Bila hiyo umeshuhudia ajali usiyoweza kuirudia.

Mtego mkubwa ni bendera zinazonakiliwa. Kwa `O_DIRECT` watu huandika `-Z -r 4096 -t 4096 -w 4096`, kisha wanairithi kwenye majaribio mengine. Hiyo `-t 4096` inailazimisha `fsx` ikate kwenye mipaka ya 4096 tu. Utaendesha hatua 100000 na hakuna hata moja itakayogusa mkia. Thamani ya kawaida ni 1, iache. Matoleo mapya yana `-e 1`, inayouchafua kwa makusudi ukurasa baada ya mwisho wa faili kabla ya hatua zinazorefusha. Ndiyo hitilafu tuliyoanza nayo, ikipigwa maelfu ya mara.

`fsx` ikinasa kitu, usiiache hapo. Chukua orodha ya hatua, punguza moja baada ya nyingine hadi zibaki nne au tano, uzigeuze kuwa jaribio dogo lenye `xfs_io`. Ile ya nasibu inaweza kupita kesho kwa bahati tu. Hii ndogo haina bahati.

## Kabla ya kulituma

Hatua ya mwisho huchukua muda kuliko kuandika jaribio, na kwa hiyo hurukwa.

Chukua kerneli yenye tiba. Endesha jaribio: lipite. Kisha iondoe tiba hiyo peke yake kwa `git revert`, jenga upya, anzisha mashine pepe ya QEMU na kerneli hiyo, endesha tena. Endesha kwa bloku za 4096, kisha 1024. Likipita mahali ambapo tiba haipo, rudi kwenye skripti na usome kila mstari ukijiuliza unafagia nini. Likianguka, bado fungua faili la `.out.bad` (matokeo halisi; `.out` ni yanayotarajiwa) na uangalie limeangukia wapi, kwa kuwa jaribio linaweza kuanguka kwa sababu `mkfs` imekataa chaguo fulani, na hilo nalo huhesabiwa kuanguka.

Kisha ongeza mstari wa `_fixed_by_kernel_commit` wenye namba ya badiliko na kichwa chake. Mtu atakayelikuta limeanguka miaka mitano ijayo kwenye kerneli ya zamani ataambiwa palepale ni tiba gani huenda anaikosa.

Kwa jaribio letu la baiti 3000, tofauti inayotakiwa kati ya `.out` na `.out.bad` ni hii, na hakuna nyingine:

```
-0002992 78 78 78 78 78 78 78 78 00 00 00 00 00 00 00 00
-0003008 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00 00
+0002992 78 78 78 78 78 78 78 78 61 61 61 61 61 61 61 61
+0003008 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61 61
```